Sauti Iliyoita Mara Mbili

Robota la mitumba likifunguliwa sokoni, harufu ile ya dawa na unyevu ikinipanda puani, narudi Soni, kule milimani. Nina miaka tisa hivi, na mbele yangu vijana wanne wanagombania suruali za bugaluu, zile pana chini.

Msicheke. Enzi hizo mitumba ndiyo kwanza imeruhusiwa, na vijana hao waliamua kuvaa walichovaa baba zao walipokuwa watundu. Walijiita Ukungu Bendi. Haikuwa bendi ya shirika, wala ya jeshi, wala ya chama. Ilikuwa yao wenyewe, ikitumia betri ya gari ya kuazima. Walipiga roki ya santuri za miaka ya sitini na sabini, gitaa likilia kama mbuzi aliyepotea, na sauti ya mwimbaji ikijirudia kwa mbali. Mashine ya kurudisha sauti hawakuwa nayo. Hoza, mwimbaji wao, ndiye aliyegundua kwamba ukisimama juu ya shamba la bibi yangu na kuelekeza spika kwenye jabali la ng'ambo ya korongo, jabali linakurudishia kila neno.

"Na halili umeme!" alisema, akajipigia makofi mwenyewe.

Bibi huyo ni mama yake mama, ndiye aliyenilea. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mjomba Saidi, aliyeondoka kabla sijazaliwa, zile siku bugaluu zilipopigwa marufuku na vijana wakikamatwa kwa kuzivaa. Aliondoka na gitaa lake asubuhi ya ukungu. Alipofika kwenye kona ya njia aliita mara moja tu: "Mama!"

Bibi hakuitika. Kwetu, ukiitwa ndani ya ukungu na mtu usiyemwona, huitiki mara ya kwanza. Binadamu ataita tena. Kile kingine huita mara moja, ukishaitika umekwenda nacho. Basi bibi akasubiri ya pili, na haikuja. Wala barua, wala habari, wala maiti. Soni nzima ilikijua kisa hicho.

Alasiri moja tulikuwa shambani tukichimba viazi. Ukungu ulipanda kutoka bondeni kama maziwa yanayochemka, ukameza miti ya miwati, ukameza matuta, mwisho ukameza miguu yetu. Huko juu gitaa likaanza. Tulilisikia tu, wapigaji hatukuwaona. Ulikuwa wimbo wao mpya, na katikati yake palikuwa na mahali pa kumwita mama.

"Mama!"

Jembe la bibi likaganda hewani.

"...Mama," ikasema ng'ambo, taratibu zaidi, kama mtu aliyechoka.

"Ameita tena," bibi akanong'ona.

"Bibi, si Hoza huyo? Na bendi yake!"

"Hoza yuko huku juu. Anayeita yuko kule."

Alinyoosha kidole kwenye weupe mtupu. Kweli sauti ya pili ilitoka kule, na haikufanana na ya Hoza hata kidogo. Akaanza kushuka. Nikashika kanga yake.

"Niache, mke mwenza. Ananisubiri."

Alikuwa akinitania kwa jina hilo kila siku, lakini safari hii hakukuwa na utani ndani yake. Tukafika tuta la mwisho, ukingoni mwa korongo. Jiwe lilimtoka chini ya mguu, nikasikiliza lianguke, sikusikia kitu.

"Abee, baba!" aliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya kisichana.

"...baba," ikajibu ng'ambo.

Bibi akainua mguu.

"Kaka Hoza, nyamazeni!" nilipiga kelele mpaka koo likaniwasha. "Bibi anaanguka!"

Muziki ukakatika. Tukasikia miguu ikikimbia, kisha Hoza akachomoka kwenye ukungu, bugaluu zimelowa hadi magotini. Tukamvuta bibi sote wawili, tukakaa chini kwenye viazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alimtazama muda mrefu, akashika pindo la suruali yake, akalisugua kati ya vidole. "Wewe ndiye uliyeita?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Na ya mara ya pili?"

Hoza, yule mwenye mdomo usiotulia, akageuka, akatazama ng'ambo kwenye weupe.

Sikukuu ilipofika, bendi ilipiga uwanjani, na bibi alikaa benchi la mbele. Wimbo ulipofika pale katikati, pa kumwita mama, Hoza akafumba mdomo. Gitaa likaendelea peke yake, pakabaki pengo. Watu wakapiga miluzi.

"Kasahau maneno huyo!"

Nilicheka kuliko wote. Bibi hakucheka, alikuwa ameinamisha sikio. Tangu siku hiyo Hoza aliuimba hivyo kila mara, hata bibi alipokwisha kututoka, nami nikiona ni mbwembwe za jukwaani tu. Leo nina mtoto anayeniita kutoka chumba cha pili, ndipo nimeelewa. Hoza alikuwa anampisha mjomba Saidi aite mwenyewe.