Siku Niliyojificha Katika Mihogo ya Lubuye

Nyasi zilizoungua, zikinyeshewa mvua ya kwanza, hutoa harufu ambayo sijaikuta penginepo: moshi uliolala, udongo uliolewa maji, na uchungu kidogo wa majani ya mihogo mabichi. Kila mwaka mvua zinapoanza, harufu hiyo huniingilia dirishani hapa Lubumbashi, na mimi, mwanamke mzima mwenye wasichana watatu, hujikuta nimebana magoti na kugeuza shingo kutazama sketi yangu kwa nyuma. Hakuna kitu kwenye sketi. Hakijawahi kuwepo tangu siku ile. Lakini nageuka.

Nilizaliwa na kukulia Kalemie, wakati nchi ikiitwa Zaire na sisi wanafunzi tukisimama mbele ya bendera kila asubuhi kukiimbia na kukichezea Chama kabla ya kusoma herufi hata moja. Nyumba yetu ilikuwa Katanika, pale ardhi inapoanza kupanda. Mbele yetu ziwa, nyuma yetu milima, na katikati vijia vyekundu ambavyo mama zetu walivitelemka alfajiri na makaa na mihogo kichwani. Vijia hivyo hakuna aliyeviita mchezo. Vilikuwa kazi.

Kisha akaja mwalimu wa jimnastiki, kijana mwembamba kutoka Likasi, ambaye siku ya kwanza aliuangalia uwanja wetu wa mpira uliojaa maji, akaangalia milima, akacheka. “Bantu iko na mulima namuna hii, halafu banazunguka mu matope kama bata!” Tangu siku hiyo tukawa tunakimbia juu. Tunapanda hadi mgongoni mwa mlima, tunafuata ukingo ambapo ziwa lote linaonekana, tunatelemka upande wa pili mpaka mto Lubuye, tunavuka, tunarudi mjini. Wazazi wengine walisema kijana yule ana wazimu. Mimi nilimpenda mara moja, kwa sababu aligundua jambo ambalo hata mimi sikulijua: kwamba katika kutelemka hakuna aliyeniweza. Kutelemka mlima kwa mbio ni kukubali kuanguka kila hatua, halafu kutoanguka. Jicho linatangulia, mguu unafuata, na kichwa kinanyamaza kabisa. Sikuwa mzuri wa hesabu, wala sikuwa mrembo, lakini pale kwenye mawe nilikuwa mtu.

Kambo yangu, mama yake Mama, hakupendezwa. Alikuwa amekaa na sisi tangu Kambo mwanaume, mumewe, alipofariki, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu, kuanzia chumvi ya supu hadi siasa. “Mutoto mwanamuke akikimbia mu mulima,” aliniambia akinisuka nywele, “tumbo itafunguka.” Nilicheka. Lakini maneno ya Kambo yalikuwa kama mchanga wa ziwa: unadhani umeyakung’uta, kumbe yamebaki katikati ya vidole.

Mwaka ule zikatangazwa mbio za shule zote za mjini. Msichana atakayeshinda angepanda treni hadi Lubumbashi kukimbia kwa jina la Kalemie. Papa yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, mwenye kufunga na kufungua mabehewa. Treni alizijua moja moja kama mtu anavyojua mbuzi wake, lakini hakuna mtoto wake aliyekuwa amesafiri mbali kwa treni. Alipeleka kitambaa cheupe kwa fundi, nikashonewa kaputula. Nyeupe kabisa, yenye mkunjo uliosimama kama kisu. Aliwaambia wenzake wote wa stesheni waje kuniona.

Mtu mmoja tu nilimwogopa. Aliitwa Feza, mkubwa kuliko sisi wote darasani, maana alikuwa amekaa miaka bila kusoma baada ya baba yake kufa kule Moba. Feza alikimbia na kikwembe, kitenge cha kufunga kiunoni. Mama yake, mtu wa sala sana, alikataa binti aonyeshe mapaja, kwa hiyo Feza alifunga kikwembe cha bluu juu ya nguo ya ndani, akakipandisha kidogo magotini, akaupanda mlima kwa pumzi ndefu isiyokatika. Kwenye kupanda alinipita. Kwenye kutelemka nilimpita. Hatukuwa marafiki, wala hatukuchukiana. Tulikuwa tunajuana migongo.

Asubuhi ya mbio tumbo liliniuma. Nilidhani ni maharage ya jana. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, na milima yote, iliyochomwa wakati wa kiangazi, ilikuwa nyeusi inayong’aa na kutoa ile harufu. Tulipanda. Feza alitangulia, nikaona kikwembe chake kikipepea mbele yangu hadi kileleni. Pale juu nikavuta pumzi, nikaliona ziwa limelala kimya, nikajiachia. Nilimpita kwenye mawe, nikasikia anasema “eh!” kama mtu aliyeibiwa chakula mkononi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena.

Lubuye nilifika peke yangu. Nilikanyaga maji, nikainama kunawa matope kwenye miguu ili niingie mjini msafi mbele ya Papa, na maji yaliyotoka mapajani mwangu yakawa mekundu. Nikanawa tena. Yakawa mekundu tena. Nikaitazama ile kaputula.

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. Mama alikuwa anangojea siku, nadhani, kama mama wengi. Mimi nilichojua ni maneno ya Kambo, na nikaamini pale pale kwamba tumbo langu limefunguka. Lakini sikilizeni jambo la ajabu: sikuogopa kufa. Niliwafikiria wale wenzake Papa waliosimama mwishoni mwa njia. Nikaona afadhali nife palepale mtoni, mradi wasinione. Nikatoka kwenye kijia, nikaingia katika shamba la mihogo la mtu, nikakaa chini kwenye matope.

Nilisikia hatua za Feza zikivuka maji, zikapita, zikasimama. Kwa muda wote tangu kileleni alikuwa anauona mgongo wangu, na sasa mgongo haupo.

“Mwange! Uko wapi?”

Majani yakatikisika, akaniona.

“Umeanguka?”

“Enda,” nikamwambia. “Enda zako, utashinda.”

“Onyesha miye nione.”

“Nitakufa, yaya Feza. Tumbo imefunguka.”

Sijui kwa nini nilimwita yaya, dada mkubwa. Sikuwahi kumwita hivyo. Alichuchumaa, akatazama, na uso wake, ambao siku zote ulikuwa mgumu kama kisigino, ukalegea.

“Hautakufa,” alisema. “Hii njo kukomaa. Mama hakukuambia? Kila mwanamuke iko nayo. Hata mke ya Komiseri.”

Nilimtazama kama amenitukana. Ndipo tukasikia miguu mingine ikivuka mto. Alikuwa Ngoie, wa tatu, msichana wa shule nyingine. Feza aliinua kichwa. Alisikiliza mpaka hatua zile zikapotea kuelekea mjini. Bado angeweza kumfikia, pumzi anayo. Nilimwona anavyolijua hilo. Kisha akasimama, akafungua kikwembe chake, akanifunga nacho kiunoni mara mbili, akakaza fundo.

Ndani alikuwa amevaa kaputula iliyoshonwa kwa mfuko wa unga. Herufi za kampuni zilikuwa bado zinasomeka, kubwa, nyekundu, kutoka tako moja hadi la pili.

“Twende,” alisema. “Weye kaa nyuma yangu.”

Hivyo ndivyo tulivyoingia mjini, tukitembea. Ngoie alikuwa ameshabebwa juu juu. Watu walipotuona waligeuka, na mtoto mmoja akasoma herufi zile kwa sauti, silabi kwa silabi, kama yuko darasani, na kicheko kikapasuka barabara nzima. Walicheka wanafunzi, walicheka mama wa soko, walicheka wafanyakazi wa reli wakishikana mabega. Papa naye alicheka. Nilimwona. Alikuwa amekunja uso kwa kushindwa kwangu, na kicheko kile kilimpa mahali pa kujificha. Hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Feza alipita katikati yao shingo imenyooka, mikono imening’inia, bila kujaribu kujifunika. Nami nikaja nyuma, nimefunikwa vizuri, uso unawaka, nikitamani wanicheke mimi.

Mama alipokiona kikwembe tu, alielewa. Aliniosha, akanionyesha la kufanya, akasema, “Mambo haya mwanamuke hasemi.” Kambo aliguna kutoka mkekani kwamba yeye alisema tangu zamani. Kisha Mama aliingia chumbani kwa Papa. Sikusikia walichozungumza. Alipotoka, Papa alikaa mbele ya sahani yake, akamega ugali, akaurudisha.

Siku iliyofuata tulikwenda mimi na Mama kurudisha kikwembe, kimefuliwa na kukunjwa, pamoja na samaki. Papa alitufuata. Tulipokaribia nyumba yao alisimama kwenye kona, maana haya hayakuwa mambo ya mwanaume, akavua kofia, akabaki ameishika mbele ya tumbo lake. Kila nilipogeuka nilimwona amesimama vile vile juani.

Feza alikuwa anamenya mihogo. Sikujua niseme nini, nikasema nitawaambia watu darasani ukweli.

“Usiseme,” alijibu bila kuinua macho. “Miye wamekwisha kuniona. Weye bado.”

Nilidhani anasema juu ya kaputula. Shuleni walimbandika jina la Farini, yaani unga kwa Kifaransa, na lilimfuata hadi mwisho wa mwaka, alipoacha masomo na kurudi Moba kuolewa. Ngoie alipanda treni. Mimi sikukimbia tena mlimani. Nilimwambia mwalimu kwamba goti linaniuma.

Miaka mingi baadaye, nilipokwenda Kalemie na binti yangu mkubwa kumzika Papa, nilimkuta Feza bandarini akisimamia magunia yake ya ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Moba. Alikuwa amenenepa, sauti yake inafika hadi kwenye mashua. Tulikumbatiana. Nilianza kuomba radhi kwa ile siku, kwa kicheko, kwa lile jina, na machozi yakanitangulia. Alinikatiza.

“Jina gani? Miye nakumbuka kimoja tu. Ile siku ningekupita. Ulikuwa umechoka, nilikuona.”

“Hungenipita.”

“Ningekupita, Mwange!” Na akacheka kicheko kikubwa. Kisha akamtazama binti yangu, aliyekuwa amesimama kando na mikono yake mirefu, na akauliza polepole, “Huyu iko na miaka ya weye wa ile siku. Umemuambia?”

“Nini?”

“Ile ya mihogo. Ile ya damu.”

Nilikuwa na wasichana watatu, na sikuwa nimemwambia hata mmoja. Nilikuwa nangojea siku.

“Basi nani atamufunika?” Feza aliuliza.

Hakusema kwa ubaya. Wachukuzi wakamwita, akaenda zake kuhesabiwa magunia. Mimi nilibaki nimesimama na uso unawaka kama msichana, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba yeye aliivua aibu ile siku ile ile, akaiacha barabarani pamoja na kile kicheko, na mimi niliyefunikwa nimeitunza muda wote huo kama mali ya kuwarithisha wanangu. Nikamshika binti yangu mkono, nikamwambia tutembee kidogo. Maneno ya kwanza yalinishinda. Ya pili yakatoka.