Chupa Sita za Kaka

Watu walimwita Pua, na hakuchukia. Pua yake yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida tu, tena bapa kidogo. Jina alilipata kazini. Katika kile kiwanda kidogo cha bia nyuma ya gereji, chenye matangi manne na paa linalovuja upande wa choo, yeye ndiye aliyeinamia glasi na kusema, kabla hata ya kuonja, kwamba tangi la tatu halikusuguliwa vizuri. Mwosha matangi alikuwa akiapa kwa kila kiapo anachokijua kwamba amesugua. Baadaye alikwenda kusugua tena.

Kiwanda walikianzisha wawili, yeye na kaka yake. Kaka alikuwa mpishi na Pua mwonjaji, na miaka yote hiyo hawakugombana zaidi ya wanavyogombana ndugu wa tumbo moja. Bia iliyowapatia jina ilikuwa nyepesi, ya mtindo wa Kibelgiji, rangi ya majani makavu, yenye povu jeupe lisilo na haraka ya kuondoka, na juu yake harufu kali ya hopi, yale maua ya kijani yanayoipa bia uchungu. Ukiisogeza glasi ulikutana na ganda la chungwa, nyasi zilizokatwa asubuhi, na pilipili manga kwa mbali. Hiyo pilipili ilikuwa kazi ya hamira. Mdomoni ilikuwa kavu, uchungu unakuja mwishoni, unakaa kidogo, kisha mnywaji anatamani tena. Waliozoea bia tamu walikunja uso. Kaka aliwaambia taratibu, "Rudi kesho," na wengi walirudi.

Kuonja kulikuwa na sheria zake. Walikaa chumba cha nyuma, kwenye meza ya bati, asubuhi kabla ya chai, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka glasi zote ziwekwe chini. Ndipo kila mmoja alipoulizwa. "Sema unachonusa," kaka alikuwa akisema. "Usiseme unachotaka kunusa." Aliwaambia hivyo hata wenye baa waliokuja kumvika kilemba cha ukoka ili waondoke na kreti la bure.

Sheria nyingine ilikuwa ya Pua mwenyewe, na aliishikilia kuliko zote: bia hii haiwekwi. Harufu ya hopi haidumu. Kwenye baridi itakaa miezi michache, kisha inaondoka kidogo kidogo, na hakuna kizibo cha kuizuia. Mara moja alimkuta mwenye baa mmoja amepanga chupa za zamani rafuni kama mapambo. Alizikusanya zote, akazimwaga mtaroni mbele ya wateja. "Hii si picha ya harusi, bwana," alimwambia. "Hii ni ya kunywa." Yule bwana alimnunia muda mrefu sana.

Kaka alifariki ghafla, kwa moyo, akiwa ameketi kwenye ngazi za kiwanda akivua viatu vya mpira. Tangi lake la mwisho lilikuwa bado linachacha. Pua alilisubiri likomae, akaijaza bia kwenye chupa kwa mkono wake, akauza zote isipokuwa sita. Hizo alizificha chumba cha baridi, rafu ya chini kabisa, akazifunika kwa gunia.

Ungemuuliza kwa nini, angekujibu kuwa ni za kumbukumbu. Ukweli ni kwamba aliogopa. Ukifungua moja zinabaki tano, na Pua hakuwa tayari kuishi na chupa tano za kaka, sembuse nne. Mtu aliyemfokea mwenye baa mbele ya wateja alifanya kosa lile lile, tena kwa macho makavu.

Marehemu aliacha mke, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na mzaha mkavu. Zamani alikuwa akimchokoza Pua, "Shemeji, na pua yote hiyo, mke hujamnusa mpaka leo?" Baada ya msiba mzaha huo ulikatika. Mawifi na shangazi waliofika kumsaidia walijituma kwelikweli: wakati wa mazishi, waliobaki nyumbani walifua kila nguo ya marehemu, mashuka, hata foronya, wakaanika uani, yote kwa nia njema. Shemeji alirudi kutoka makaburini akakuta nyumba nzima inanukia sabuni.

Mwezi wa pili baada ya msiba, shemeji alimwendea Pua.

"Nasikia unazo chupa zake," alisema. "Nifungulie moja. Sinywi, unajua. Nataka kunusa tu. Alikuwa anarudi na ile harufu kila jioni, kwenye shati, kwenye nywele, namfukuza akaoge. Sasa naitafuta nyumba nzima, siipati."

"Ngoja mwaka uishe, shemeji. Tutaifungua kwa heshima."

"Heshima," alisema yule mama, na hakuomba tena.

Pua aliendelea kupika bia ile ile, sasa akiwa mpishi na mwonjaji, na kila Jumapili alikwenda kumjulia hali. Kabla ya kwenda aliacha nguo za kazi kiwandani, akaoga na kujisugua mpaka ngozi ikawasha, akavaa shati la pasi. Aliona si adabu kuingia nyumba ya mjane akinuka bia.

Mwaka ulipotimia, shemeji alikuja kiwandani. Hakuwa amewahi kukanyaga hapo. Pua alikuwa amefuta meza ya bati na kuosha glasi mbili kwa maji matupu, na siku hiyo alivaa lile shati la pasi. Kizibo kilitoka kwa mlio mzuri. Povu likapanda jeupe, rangi ni ile ile, na kwa dakika moja moyo wake ulitulia.

Kisha akanusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Chungwa halikuwepo, nyasi hazikuwepo. Palikuwa na utamu wa mkate wa jana, karatasi iliyolowa, na ile pilipili manga ya hamira, imebaki peke yake.

Shemeji alikuwa ameinamia glasi, macho amefumba. Kisha akaiweka chini.

"Mimi bia siijui," alisema. "Niambie wewe. Ndiyo yenyewe?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeaminiwa, au mama wa watu angejifanya kuamini, na wote wawili wangekwenda zao. Pua aliisukuma glasi yake kando.

"Siyo," alisema. "Harufu imeondoka."

"Ule mwezi wa pili, nilipokuomba?"

Pua alitazama meza. "Ilikuwepo yote."

"Na ulijua kwamba itaondoka?"

"Nilijua."

Shemeji hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu.

"Niliogopa, shemeji," Pua alisema, na machozi yakamtoka mtu mzima yule. "Niliona nikifungua moja, ndiyo naanza kummaliza."

Mlango ukagongwa. Mwosha matangi alichungulia, akawaona walivyo, akasema kwa sauti ya chini kwamba sufuria limechemka na hopi inangojwa. Bia iliyo motoni haijui msiba. Pua alijifuta uso, akaomba radhi, akaenda chumba cha baridi, akarudi na mfuko. Aliufungua pale pale mezani kama kawaida, akachota maua kidogo, akayasugua viganjani ili aone kama yameshika ukungu.

Shemeji aliinua kichwa. "Hiyo ni nini?"

"Hopi."

"Nipe."

Pua alimmiminia viganjani. "Sugua," akamwambia. Akasugua, maua yakapondeka, na akaufunika uso wake kwa mikono yote miwili. Mwosha matangi alirudi zake polepole akazima moto.

"Huyu hapa," shemeji alisema ndani ya mikono yake. Kisha akauliza, "Hii unaishika kila mara?"

"Kila ninapopika."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

Shemeji alilitazama shati lake la pasi, kola yake, kucha zake zilizosuguliwa. "Na kwangu unakuja unanukia sabuni."

Pua alinyanyua viganja vyake akavinusa. Kila siku alikuwa akivinusa kwa kazi, akitafuta ukungu tu. Sasa alimkuta kaka yake mzimamzima, ameketi pale kwenye ngazi.

"Jumapili njoo na shati la kazi," shemeji alisema. "Na usioge."

Zile tano Pua alizimwaga mtaroni kwa mkono wake. Jumapili alipita mitaani na shati la kazi, watu waliotoka kwenye ibada wakimpisha na kunong'onezana. Shemeji alifungua mlango. Alisimama kizingitini, macho amefumba, akanusa, kisha akamkaribisha ndani.