Siku Nilipotafsiri Maneno ya Eedo

Nilimaliza masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima ya usiku, nikiwa na watoto watano, na siku ya kupewa cheti nadhani hata ngamia walinyamaza kwa heshima. Kiswahili changu hakina woga: nikikosea, nakosea kwa sauti kubwa. Ndiyo maana mwalimu wetu aliposafiri, chifu aliniita mimi nitafsiri barazani. Afisa wa maji aliyetoka mjini hakujua Kisomali, na wengi kijijini kwetu hawajui Kiswahili.

Mashine ya kisima chetu ilikuwa imezimika tangu kabla ya Ramadhani. Dizeli yake ilikuwa inaletwa, lakini inaishia kwenye lori la chifu. Kila mtu alijua, hata mbuzi.

"Waulize, maji yanatosha?" afisa akasema.

Eedo, yaani shangazi yangu, akasimama na fimbo yake. "Mwambie dizeli inanywewa na lori la chifu. Sisi tunakunywa bwawani na punda, na punda ndiye anatangulia!"

Chifu akaniinamia huku akitabasamu, akaninong'oneza kwa Kisomali. "Sema wanashukuru. Na kumbuka, fomu ya kitambulisho ya binti yako iko mezani kwangu."

Wallahi, chifu alijua pa kunishika. Bila kitambulisho binti yangu angeendaje chuo? Nikamtazama Eedo. Alikuwa bado amesimama, akingoja maneno yake yafike.

Nikatafsiri yote. Nilipofika kwa punda nikasema kwa nguvu zaidi.

"Nani amesema mambo ya lori?" afisa akauliza.

"Huyu mama, bwana. Na mimi pia nasema. Na chifu ameniambia nikufiche."

Chifu akacheka. "Achana naye, bwana. Huyo Kiswahili chake ni cha masomo ya usiku."

"Basi twende mchana huu huu ukaione mashine," nikasema.

Tukaenda. Afisa akaigusa injini. Ilikuwa na utando wa buibui. Akauliza lori liko wapi. Wanawake elfu moja, au tuseme arobaini, wakanyoosha vidole kuelekea boma la chifu, na changu kilikuwa cha kwanza.

Tangu siku ile dizeli inafika kisimani, lakini fomu ya binti yangu ilichelewa mwaka mzima. Hajanilaumu hata siku moja. Ananilaumu kwa kusimulia kisa hiki kwa kila mgeni anayekuja kwetu kuomba maji ya kunywa, nami namwambia: maji si yapo?