Nyumba Yenye Usukani

Nimeishi ndani ya basi lisilokwenda muda mrefu kuliko nilivyoishi ndani ya nyumba yoyote, na katika muda huo wote hakuna mtu aliyeniuliza swali la maana kuhusu maisha yale. Hakuna aliyetaka kujua bati hushika joto mpaka saa ngapi, au mvua ya Kisangani hulia vipi juu ya paa la chuma. Waliuliza tu kama sina ndugu. Na waulizaji wenyewe walikuwa wamerundikana kwa mashemeji waliowafungia sukari kabatini.

Basi lilikaa mtaa wa Kabondo, ubavu mmoja ukitazama barabara, ubavu mwingine ukitazama jiko la mama mmoja mjane aliyeuza chikwanga, ile mikate ya mihogo inayofungwa kwenye majani. Kiwanja kilikuwa chake. Hakunidai kodi ya fedha. Nilimnolea visu, nilimzibia mabeseni, naye akaweka mihogo yake iliyolowekwa kwenye viti vya nyuma, kwa hiyo nyumba yangu ilinuka mihogo iliyochacha mwaka mzima. Nililala nyuma ya kiti cha dereva. Usukani niliuacha mahali pake, nikatundikia shati.

Mimi ni mtu wa Maniema. Niliacha shule siku mwalimu alipochora gari moshi ubaoni kwa chaki. Nilienda kuliona lenyewe, na nilipoliona nikataka kujua linaishia wapi. Tangu hapo nimefanya kazi kwenye mashua za Basoko, kwenye kahawa, kwenye mbao, na kila mahali niliondoka mara tu nilipoelewa kazi inavyokwenda. Kazi moja tu ilinishika, udereva wa basi la Mgiriki mmoja mwenye duka mjini, na ilinishika kwa sababu yenyewe haikukaa mahali pamoja. Tulikwenda Bafwasende na kurudi, barabara ikibomoka na kutengenezwa na kubomoka, na kila safari nilijifunza daraja jipya.

Kisha Serikali ikaamua kwamba mali za wageni wapewe wananchi. Mgiriki akaondoka na sanduku moja. Waliopewa mali hizo Kifaransa kiliwaita acquéreurs. Sisi tuliwaita walaji.

Mlaji wetu alikuja na abakosti ya rangi ya kahawa, ile suti isiyo na tai ambayo kila mwenye cheo alivaa siku zile, akaketi kwenye kiti cha Mgiriki na kukizungusha. Aliuza vitambaa vyote, akauza chumvi yote, akauza mizani. Hakuagiza kitu. Nadhani aliamini kwa moyo safi kwamba rafu za Wazungu hujaa zenyewe usiku. Zilipokuwa tupu alitukasirikia sisi wafanyakazi, kana kwamba tumezizuia.

Mafuta ya injini yalipokwisha nilimwambia basi halitoki. Akatuma mtu alete debe la mawese kutoka sokoni, yale mafuta mekundu tunayopikia sombe, majani ya mihogo. Nilimweleza, kwa heshima ambayo sasa naijutia, kwamba injini si sufuria.

"Mafuta ni mafuta, citoyen," akasema, maana siku zile tuliamriwa kuitana wananchi kwa Kifaransa, akamimina mwenyewe, mikono ya abakosti ikiwa imekunjwa.

Tulipita mjini tukinukia kama harusi. Abiria walifurahi sana, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Shofere, makemba imeisha kuiva?" maana makemba ndiyo ndizi zetu za kukaanga. Kabla hatujaacha nyumba za mwisho za mji injini ilikaza, ikakohoa moshi mweupe, ikafa. Mlaji alisema nimeiua mimi kwa kutokuwa na imani.

Duka lilipofungwa alitukusanya kutufukuza, na badala ya mshahara wangu akanipa mzoga ule mbele ya wote, kwa sauti ya mtu anayemwoza binti yake. "Kamata basi yako. Sisi hatuibie mutu." Lori la mbao likanivutia basi mpaka Kabondo, magurudumu yakauzwa moja moja katika njaa mbalimbali, na basi likakaa chini kwa vyuma vyake, kama kuku anayeatamia.

Nilipofikia umri wa kupumzika nikaanza kupata pensheni, kwa kuwa Mgiriki, pamoja na ubahili wake wote, alikuwa amelipa michango. Ililipwa Makiso, katikati ya mji, kwenye dirisha dogo, na sharti lilikuwa uje mwenyewe kwa miguu yako waone unapumua. Karani aliinua macho na kusema, "Papa, ungali?" kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa jambo jingine. Alikata chake, maharagwe ya watoto kama wanavyoita, madesu ya bana. Nadhani watoto wake walikuwa wanene sana. Kilichobaki kilinunua petroli ya taa, chumvi na samaki wa Wagenya, wavuvi wa maporomoko ya mto, wakati maji yalipowapa samaki wengi. Hakikuweza kununua samaki na paa la kulalia vyote viwili. Basi ndilo lililofanya nile. Ningelikosa, ningelala juu ya meza za soko, na mtu wa umri wangu akilala sokoni hamalizi msimu mmoja wa mvua.

Mlaji naye hakupotea. Watu wa aina ile hawapotei, hubadilisha kiti tu. Alifanywa kiongozi wa seli ya chama tawala mtaani kwetu, yaani alipewa haki ya kutuamsha Jumamosi kwa kazi ya salongo, kufyeka majani na kuzibua mitaro bila malipo, huku yeye akisimama na filimbi. Abakosti ilikuwa ileile, sasa imepauka mabegani. Alinipita kila siku kwa baiskeli bila kutazama basi.

Siku moja akalitazama. Alisema mkubwa kutoka Kinshasa atapita barabara yetu, kwamba uchafu wote uondolewe, na kwamba uchafu wa kwanza ni nyumba yangu. Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyenipa. Akajibu kwamba alinipa gari, na gari ni kitu kinachokwenda. Kama haliendi si gari, ni takataka, na takataka ni mali ya seli. Nilimsifu kwa hoja hiyo. Katika kumfahamu kwangu kote ilikuwa ya kwanza kuwa na kichwa na miguu.

Sikuelewa kichwa kilitoka wapi mpaka nilipokwenda kwa mafundi wa masufuria. Nilikuwa na tabia ya kwenda kwao kutazama. Wanaishindilia sufuria ya zamani kwenye mchanga mweusi, wanaiondoa, wanamimina alumini iliyoyeyuka ndani ya nafasi iliyobaki, na sufuria mpya inatoka na kovu la ile ya zamani. Ningeweza kutazama kazi hiyo mpaka nife. Fundi mkubwa, mtu mwenye nyusi zilizoungua, aliniambia kwa furaha kwamba sasa watapumzika kununua vibati vidogo, wamepata basi zima Kabondo, kiongozi wa seli amekwisha kula nusu ya bei. Akanieleza hata watakapoanzia: kuta, kisha injini.

"Na mutu anayekaa ndani?" nikauliza.

"Ah, papa, iko mzee moja tu. Ataenda kwa bandugu yake."

Nikamwambia ndiye mimi. Aliinama kupuliza moto, akapuliza kwa muda mrefu kuliko moto ulivyohitaji.

Jumamosi ya salongo kiongozi alileta mtaa wote na kamba. Nilikaa kwenye kiti changu cha dereva. Sikuwa na nguvu za kitu kingine. Walisukuma, wakaimba, wakavuta. Wale wale niliowabeba mpaka Bafwasende na mbuzi wao. Mmoja akanishauri nitie gia. Mwingine akasema, "Papa, piga honi, labda itashituka." Vyuma vilikuwa vimezama kwenye udongo mwekundu kiasi kwamba hata jembe lilirudi limepinda. Kila walipovuta, mihogo ya mama iliteleza na maji yake yakawamwagikia miguuni, na mama, akiwa kwenye jiko lake, aliwauliza kama chama kitamlipa. Mchana wakaketi. Kiongozi akapuliza filimbi peke yake.

Sasa aliogopa. Mkubwa alikuwa anakuja mwanzoni mwa juma, na kando ya barabara iliyofagiwa kulikuwa na mzoga wenye mzee ndani. Mwenye akili angeweka matawi ya mchikichi kama watu wanavyopamba malango kwa mgeni, akamaliza. Lakini mtu aliyetia mawese kwenye injini haridhiki na kitu kidogo. Alimleta mchoraji wa vibao vya vinyozi, akamwamuru aufunike ubavu wa barabarani kwa rangi ya kijani, na juu yake achore alama ya chama: mkono mweusi ulioshika mwenge unaowaka, mkubwa, kutoka mlangoni mpaka taa za nyuma.

Mchoraji aliuliza kuhusu madirisha. Akaambiwa apake juu yake. Nilikuwa ndani. Niliona barabara ikitoweka kioo kwa kioo, watu wakikatwa miguu kwanza, kisha mabega, kisha vichwa. Upepo wote wa nyumba ile ulikuwa unatokea upande huo. Nilipomlalamikia mchoraji, alisema kwa upole kwamba naye ana watoto, na kwamba vidole vya mkono havimpendezi, vinafanana na ndizi. Vilifanana kweli.

Mkubwa alipita. Tulipangwa kando ya barabara tangu asubuhi, kina mama wamevaa vitenge vya chama na kukata kiuno kama walivyofundishwa, kiongozi mbele yao akitoa jasho la furaha. Magari yalikuja kwa kasi, meusi, vioo vimefungwa, yakatupaka vumbi na kwenda. Nilikuwa karibu kuliko wengi, na nilitaka sana kuona, kwa kuwa sijawahi kuacha kutaka kuona. Niliona upande wa uso wa mtu mnene aliyelala, mdomo wazi.

Siku chache baadaye mafundi wa masufuria walikuja na patasi na nyundo, kiongozi akiwa nyuma yao na baiskeli. Nilishuka nikasimama barabarani. Nilikuwa nimeogopa, sitasema vingine. Usiku uliotangulia nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye shuka. Lakini nilipowaona wanautazama ukuta wa kijani, na hatua zao zinavyopungua, nikaelewa kabla yao. Nikamwambia fundi mwenye nyusi zilizoungua aanze anapotaka. Kwenye kidole gumba, kwa mfano. Au kwenye moto.

Akageuka kwa kiongozi. "Citoyen, mukono hii iko ya nani?"

Kiongozi akasema afanye kazi aliyolipia.

"Bon. Anza weye," fundi akasema, akamnyooshea nyundo. "Piga moja tu, batu baone. Kisha siye tutafuata."

Watu walikuwa wameanza kusimama. Mama wa chikwanga alitoka na mwiko mkononi. Mtaani kwetu kila mtu alijua nani anapeleka habari kwa nani, na aliyepeleka habari za kiongozi alikuwa pale pia, akijikuna shingo na kusubiri. Kiongozi aliitazama nyundo. Aliishika hata, nilimwona akiishika. Niliutazama uso wake kwa makini kama nilivyotazama alumini ikiyeyuka, maana nilitaka kujua kama ndani yake kulikuwa na kitu chochote. Hapakuwa na kitu. Akairudisha, akasema basi hili ni urithi wa chama na yeyote atakayeligusa atajibu.

Mafundi wakadai nusu yao. Alisema imekwisha liwa na kazi ya rangi.

Kwa hiyo nilibaki na nyumba. Ilikuwa ya moto kuliko zamani. Nilikata dirisha upande wa jiko, upande usio na siasa, na moshi wa mama ukawa unaingia pamoja na hewa. Mwenge ulikuwa mkubwa kuliko mimi, nami niliendelea kununua petroli ya taa kwa pensheni yangu. Msimu wa mvua magari yaliurushia matope, na kwa kuwa matope juu ya alama ile yangeweza kuripotiwa, na kwa kuwa seli ilikuwa yake, kiongozi alilazimika kuja na ndoo na kitambaa kila Jumamosi kabla ya filimbi. Alianzia kwenye vidole. Nilimsikia akisugua karibu kabisa na kichwa changu, bati tu katikati yetu.

Wakati mwingine alibisha kuomba maji zaidi. Nilimpa. Yalikuwa ya mihogo.