Neno Alilorudi Nalo Baba

Harufu ya mafuta ya mashine iliyochanganyika na vumbi la pamba hunifuata popote ninapohamia, nami nimehama sana. Ndiyo iliyotupokea Thika alfajiri ile, baada ya kusafiri usiku kucha kutoka Bungoma, mimi nimelalia bega la dada yangu Nafula. Baba alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha nyuzi, na pamoja na kazi, chumba cha kampuni katika mtaa wa Landless.

Siku moja mashine ilimkata vidole jirani yetu Kamau. Meneja alimtaka Baba, aliyekuwa akifanya kazi kando ya Kamau, aseme Kamau alisinzia, ili asilipwe fidia. Baba akasema hakusinzia. Kifuniko cha mashine ndicho kilichovunjika. Akaitwa ofisini tena, akasema vilevile.

Jioni hiyo aliingia midomo ikichezacheza, akikariri neno la Kiingereza lisimponyoke.

"Meneja ameniita *obdurate*," akamwambia Nafula, aliyekuwa kidato cha tatu. "Ni sifa ama ni matusi?"

Mwiko wa Mama ukasimama ndani ya sufuria. Sote tulijua kazi ikienda, chumba kimeenda.

Nafula alimtazama Baba. "Ni mtu asiyepindika."

"Si hiyo ni nzuri!" Baba akacheka.

"Cheka tu," Mama akasema. "Tangu lini meneja akaita mtu ofisini kumpa sifa?"

Asubuhi Baba alivaa koti la kanisani akaenda ofisini. Alirudi kabla ya chai ya saa nne. Meneja alikuwa amemwambia abadilishe maneno yake, au tuhame.

Nilipokuja kulitafuta neno hilo kwenye kamusi nilikuwa mtu mzima: mkaidi, mwenye moyo mgumu. Nafula alijua yote hayo. Alichagua upande mmoja wa kumpa Baba. Tangu hapo, kila nikilikuta kitabuni, humtafuta anayelitamka. Mara nyingi ni yule aliyejaribu kumpinda mwenzake akashindwa.

Siku ya kuhamia Kiuu, Ruiru, Kamau alikuja, mkono umefungwa bendeji.

"Baba Nafula, si ungesema tu nililala? Uko na watoto, bwana."

"Kwani ulilala?"

"Sikulala."

"Basi shika kitanda upande huo."

Alikishika kwa mkono mzima, wakakipandisha kwenye pikapu. Nilimkasirikia Kamau njia nzima, nikiona yeye ndiye aliyetufukuzisha. Sikuelewa kwamba alikuwa amekuja kuiacha fidia yake ili sisi tubaki.