Pai za Verna na Pasi ya Mia Mbili

Delmar Hruska alikuwa na miaka arobaini na minne, goti lenye vyuma vitatu ndani, na bega lisilomruhusu kuvaa shati bila msaada wa mkewe, Verna. Na bado alikuwa kwotabeki wa Wahunzi wa mji wa Kessler Ford, timu ya watu wazima wanaocheza Jumamosi ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai, bila kulipwa hata senti. Kwotabeki ndiye mrushaji. Mkono wake ukifa, timu nayo imekufa. Mkono wa Delmar ulishakufa siku nyingi, ila mwenyewe hakuwa amepelekewa taarifa ya msiba.

Tusimwonee, zamani alikuwa hatari. Alipokuwa sekondari, mji mzima ulifunga maduka kwenda kumtazama. Kisha maisha yakampeleka gereji ya matairi, na huko hakuna anayekupigia makofi ukikaza nati. Ndiyo maana aling'ang'ania Jumamosi zake. Kwenye mgahawa wa mji palikuwa na ubao wa chaki wenye hesabu ya pasi zake zilizozaa mabao, na kila asubuhi alikunywa kahawa akiwa ameuelekea. Tangu mechi ya mwisho ya mwaka jana ubao ulisema mia moja tisini na tisa. Aliapa mbele ya wateja wote kwamba ikitimia mia mbili atavua helmeti na kukaa nyumbani.

Basi wakamngoja. Septemba ikapita, Oktoba ikapita, ubao haukuguswa. Mabeki wa timu nyingine waliacha kabisa kulinda nyuma, wakasogea mbele wote, maana mpira wa babu huyu haufiki huko. Kilichofika ni wao, kifuani pake. Mechi moja aliangushwa vibaya hata akasahau mtaa anaokaa, na daktari akasema pigo jingine kama hilo litamsahaulisha hata jina la mkewe. Verna alimsihi aache. Alimsihi kwa upole, akamsihi kwa ukali, akamnunia wiki nzima. Jibu lilikuwa moja tu, "Ng'ombe hazeeki maini." Haya, sikio la kufa halisikii dawa.

Verna akaona maneno yamemwishia, akaingia jikoni. Alhamisi kabla ya mechi ya mwisho alioka pai sita za boga, kila moja kwenye sahani yake ya bati. Delmar alipotaka kipande alichapwa mkono, akaambiwa hizo ni za kanisani. Verna akazipakia garini, akarudi saa tatu baadaye.

Jumamosi walicheza na timu ya Corliss, ambayo nahodha wake, Lonzo Beasley, ni pande la mtu lililomlaza Delmar chini miaka kumi mfululizo. Zilibaki dakika mbili, na Wahunzi walikuwa wameshapigwa mpaka huruma. Delmar akapokea mpira, akarudi nyuma, akajikunyata kungoja kipigo. Hakikuja. Lonzo alijikwaa kwenye nyasi tupu. Beki mmoja aliteleza, mwingine akainama kufunga kamba za viatu. Delmar akarusha. Mpira ulikwenda ukiyumba kama bata mgonjwa. Mdakaji wake akarudi hatua sita kuufuata, akaudaka, akatembea nao mpaka ndani ya eneo la bao. Mia mbili! Watu wakasimama wote. Verna alilia jukwaani, chini ya blanketi lake la baridi, kwa furaha, kwa kuwa mumewe alikuwa anarudi nyumbani angali anajua jina lake.

Mechi ilipokwisha wakampa kipaza sauti aage.

"Nilikuja kuaga," alisema, machozi yanamtiririka. "Lakini si mmejionea wenyewe? Mkono bado upo. Mwakani natafuta mia mbili na hamsini."

Mtu mmoja alipiga makofi mawili, akaacha. Verna aliketi.

Ikafuata desturi yao ya kupanga mistari miwili na kugusana viganja, kila mchezaji na mpinzani wake. Wa Corliss walipita wakiangalia chini, wengine wakiuma midomo wasicheke. Lonzo alikuja wa mwisho, amebeba sahani sita za bati zilizooshwa vizuri.

"Babu, tulipatana kuanguka mara moja tu," alisema taratibu. "Mwakani nakuvunja, sikutanii. Mpelekee mama sahani zake. Mwambie boga lilikuwa tamu."

Delmar aligeuza sahani ya juu. Chini yake palikuwa na kipande cha utepe wa karatasi, kama wabandikavyo wanawake wote wa Kessler Ford ili vyombo vyao visipotee kwenye vyakula vya kanisani, na juu yake, kwa mwandiko anaoujua, *Verna Hruska*. Akageuza ya pili. Akageuza zote sita.

Garini alikaa na zile sahani mapajani, helmeti miguuni. Verna hakuomba radhi. Alikuwa na hasira kuliko yeye, maana pai zake zimeliwa na mtu wake bado hajakombolewa. Walipofika kwenye taa za barabarani Delmar akamgeukia.

"Na ile ya mia moja tisini na tisa?"

Verna aliangalia barabara. "Zile zilikuwa za tufaha."

Delmar alifungua mdomo kuuliza ya mia moja tisini na nane, kisha akaufunga.