Kidole Nilichokiweka Pasipo na Doti

Nikipita mtaa wa Huanshi Zhonglu mpaka leo huwa navuka barabara kabla sijaufikia ule mgahawa wetu wa pilau, navuka hata nikiwa na mizigo, kwa sababu mwenye mgahawa alikuwepo siku ile na bado ananiita Dokta, na anavyolitamka hilo neno mimi najua anachokikumbuka. Bora mnisikie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mimi si dokta. Ni mwanafunzi wa vinasaba hapa Guangzhou, ila ukikaa na wafanyabiashara wetu ukawasomea karatasi za dawa mara mbili tatu wanakupa cheo, nami (nisiwafiche, kilinipendeza) sikukikataa. Ndipo Mwanahawa akanijia. Mwanahawa ni wa Unguja, ananunua mapazia, na alikuwa anaposwa na Hemedi, kijana wa Dar anayeshughulikia makontena kule bandarini Huangpu. Akaniambia, "Kaka, mdogo wangu Khalfan alikufa na sikoseli mikononi mwangu. Kwao Hemedi nako wapo waliougua. Sitaki nije nimshike mtoto wangu vile. Tupime. Kama tunayo wote wawili, hii posa naiacha, hata kama nampenda."

Siku hizo darasani tulikuwa na zoezi la kupima thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, ambao watu wa huku kusini mwa China wanao sana, na mwalimu aliruhusu tulete damu ya wanaojitolea. Nikasema moyoni, jeni si ni ile ile moja? (Ni ile ile kweli, ndiyo maana nilijidanganya vizuri.) Nikachukua damu yao.

Zoezi lenyewe liko hivi. Uzi wa kinasaba una pande mbili zinazoshikana kwa kulingana. Ukiupasha moto zinaachana, ukipoa kila upande unamtafuta mwenzake. Sasa kuna kipande cheupe cha utando, kidogo tu, kimebandikwa vijiuzi vifupi, kila kimoja kinasubiri kasoro yake maalumu. Kasoro hiyo ikipita inanaswa, na pale panatokea doti ya buluu. Isipopita panabaki peupe. Safu ya juu, ya jeni nzima, ilitoka buluu, na ya chini, ya kasoro, ikabaki nyeupe, kwa wote wawili. Nikapiga picha nikamtumia Mwanahawa na neno moja, "Safi." Nililiandika nimesimama nasubiri treni Sanyuanli, wala sikulifikiria mara mbili.

Kumbe lile neno lilizunguka. Ijumaa baada ya swala nikaitwa kwenye chakula cha posa, nikakalishwa karibu na wazee kwa heshima, na pembeni yangu Bi Zuhura, shangazi yake Mwanahawa, mwanamke asiyefunga katoni hata moja bila kuikagua. Akaikuza ile picha kwenye simu akanisogezea.

"Dokta, mwanangu, hebu nionyeshe. Sikoseli ingetokea wapi hapa?"

Hakuwa ananitega, alitaka kuona tu. Nikapeleka kidole. Zile doti nilizikariri kwa mtihani, nazijua moja moja, nikapita ya kwanza, nikapita ya pili, nikafika mwisho wa safu, na sikoseli haikuwemo. Haikuwahi kuwekwa. Utando ule ulitengenezwa kwa kasoro za watu wa huku, za kwetu haukuulizwa kabisa. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini meza nzima inanitazama, mwenye mgahawa amesimama na sinia, nami nikakiweka kidole kwenye kona isiyo na kitu nikasema, "Hapa."

"Kwa hiyo meiyou?" akauliza (ndilo neno tunalojibiwa kila siku madukani, yaani hakuna).

"Meiyou, shangazi."

Akashusha pumzi. Simu ikaenda kwa mjomba wake Hemedi, naye akagusa pale pale nilipogusa, akamwonyesha aliyefuata, mpaka mtu akaituma picha kwa wazee Unguja, na majibu yakaanza kuingia, alhamdulillahi juu ya alhamdulillahi. Mjomba akainua mikono isomwe Fatiha. Mwanahawa naye aliinua yake, machozi yanamtoka, na midomo inalitaja jina la Khalfan bila sauti. Nikashindwa.

"Subirini," nikasema. "Sikoseli haikupimwa hapa."

"Na kidole je?" Bi Zuhura akauliza.

"Nilikiweka tu."

Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Mjomba akashusha mikono taratibu. Nikaanza kueleza kwamba utando unanasa kile tu ulichowekewa, usichowekewa kinapita kama hakipo, nikajikuta nawaeleza watu wanaotazama sahani zao. Hemedi akatoka nje. Bi Zuhura akaanza kuwapigia Unguja mmoja mmoja, pale pale mbele yangu, "Futeni ile picha, bado," na kila simu niliisikia mpaka mwisho.

Mwanahawa alisema neno moja. "Ningezaa, kaka. Ningezaa kwa kidole chako."

Walikwenda hospitali wakapimwa sikoseli yenyewe. Wote wawili wanayo, wameibeba bila kuugua, ila mtoto wao angeweza kuugua, na posa ikaishia hapo kama alivyosema. Makontena ya Mwanahawa bado anayashughulikia Hemedi. Juzi niliwaona Sanyuanli wamesimama pande mbili za gari la mizigo, wanarushiana kamba wakifunga marobota ya mapazia, kila mmoja anavuta upande wake.

Mimi nikiulizwa majibu siku hizi, nataja kwanza nilichokitafuta, kisha nataja nisichokitafuta kwa sauti kubwa zaidi, hata kama mtu hajaniuliza. Na mkono wangu unakaa mfukoni.